Kopo Lisilogeuzwa

Nettlecote, 18 Aprili 1920

Kaka Gilbert,

Pokea salamu zangu kwa mikono miwili, maana ni nzito. Mimi ni mzima na nimerefuka; sasa nikipita chini ya boriti ya mlangoni nainama kama mabwana wakubwa. Babu hajambo, ila kifua kinamkoroma kama paka aliyeshiba. Nguruwe amezaa, na mtoto wake mmoja ana masikio kama ya kasisi wetu. Babu amenikataza kulisema hilo mbele za watu. Nimelisema mara mbili tu. Mwalimu aliyenifukuza alitabiri kwamba sitaandika kitu mtu akakisoma. Ukifika mwisho wa barua hii, utakuwa umemuumbua.

Sasa habari yenyewe. Baa yetu, Kondoo na Nyota, inafungwa. Wenye nyumba wameiuza kwa bwana mmoja wa London ambaye hata bia hanywi. Anataka tu kulala chini ya boriti za kale na kuwaambia rafiki zake kwamba ni za kale. Ikifika sikukuu ya Mikaeli, mwisho wa Septemba, tunatoka kama wapangaji wengine wote. Miaka mia tatu watu wamemwagiana bia humu ndani (Babu husema mia nne akiona mgeni), na sasa atakuja mtu kuweka piano mahali pa mapipa. Babu halii. Anafuta meza tu, hata ambazo hazina kitu.

Amesema kila familia ije ichukue kopo lake kwenye boriti, lile lililotundikwa kijana wake alipokwenda vitani. Waliorudi kutoka vitani watachukua yao wenyewe. Yale ya waliokufa, yaliyogeuzwa mdomo chini, wafiwa watayabeba. Limebaki moja la matata, la Reuben Lovegrove. Mama yake hajaligeuza mpaka leo. Kila Jumamosi anakuja na majivu na kitambaa, anapanda kigoda, analishusha, analisugua mpaka mtu angeweza kunyolea ndevu mbele yake (nimejaribu, zangu zimeanza kuota), kisha analirudisha. Anasema barua ya serikali iliandika kwamba mwanawe hajulikani alipo, haikuandika kwamba amekufa, na yeye hageuzi kopo la mtu asiyejulikana alipo. Ameniambia nikuulize, wewe uliyekuwa naye kule Ufaransa: ulimwona mara ya mwisho wapi, na alikuwaje? Mimi nimeuliza. Jibu ni lake, si langu.

Na la mwisho, ili ujue mdogo wako si wa mchezo. Kopo lako, pale jirani na la Reuben, lilikuwa linakula vumbi. Siku nilipotimiza miaka kumi na saba nililishusha, nikalijaza, nikalimaliza bila kupumua. Babu akafoka: "Mshenzi we! Kopo la aliye mbali haliguswi!" Nikamwambia, "Haliguswi na wageni, Babu. Gilbert yuko hai, anapakia makaa Cardiff, na kiu ya ukoo ni moja." Akarudi kufuta meza. Sasa ndilo langu la kila Jumamosi. Linakaa vizuri mkononi, kaka. Una kopo zuri.

Mdogo wako mwenye ndevu,
Perce


Cardiff, 9 Mei 1920

Perce,

Barua imefika, na mwalimu ameumbuka. Nimefurahi kusikia mko wazima. Huku ni mvua na makaa, makaa na mvua. Mama mwenye nyumba ana kasuku anayetukana kila asubuhi ninapotoka, na jioni nikirudi ananitukana upya. Mwambie Babu asiteremke stoo ya mapipa peke yake. Zile ngazi zilishamshinda tangu mimi niko hapo.

Nimesikitika kuhusu nyumba. Sikuwahi kufikiri kwamba inaweza kuisha.

Kuhusu kopo. Lirudishe ulipolitoa na usilinywee tena. Sisemi kwa ubahili. Nakuomba.

Mikaeli sidhani kama nitapata nafasi. Meli ni nyingi.

Gilbert


Nettlecote, 16 Mei 1920

Kaka mpenzi, bwana wa makaa,

Salamu kwako na kwa huyo kasuku, ambaye namwona ana akili kuliko mwenye kumlisha. Sisi hatujambo. Kile kitoto cha nguruwe chenye masikio ya kasisi kimekufa, na sasa nasikia vibaya kwa maneno niliyosema. Babu amekubali kutoteremka stoo peke yake. Huteremka na fimbo, anasema fimbo ni mtu wa pili.

Nimelirudisha kopo. Sijui umekuwa mchoyo tangu lini. Zamani ulikuwa unanigawia hata mkate ulioumwa. Lakini umeomba, nimetii, na Jumamosi nanywea bilauri kama muuza bima.

Ila swali la Mama Reuben umeliruka kama farasi aliyeona nyoka kwenye nyasi. Nilimsomea barua yako. Unajua nilivyoona aibu? Alikuwa juu ya kigoda, kopo kifuani, kitambaa mkononi.

"Endelea," akasema.

"Imeisha, Mama."

"Imeishia wapi?"

"Kwenye meli."

Akasugua kidogo. "Na kabla ya meli?"

"Kasuku."

"Ana haki ya kuchoka," akasema, akalitundika. "Mwambie sina haraka."

Babu alikuwa anasikia. Mama Reuben alipoondoka, Babu akanyosha fimbo kwenye lile kopo jeusi la mwisho, pale pembeni ya meko. Unakumbuka alivyokuwa akitutisha nalo tulipokuwa wadogo, kwamba ukiligusa mkono unaota kutu? Safari hii hakunitisha. Aliniambia ni la kijana aliyekwenda kupigana na Mfaransa enzi za babu ya babu yake, na mkewe, Hannah, akakataa kuligeuza. Alikuja kulitazama mpaka akawa mkongwe, kisha akaanza kuketi chini yake kutwa, na mwisho alikuwa anazungumza nalo na watu hakuwajibu. Kulabu ikaota kutu ikaling'ang'ania. Sasa hata ukitaka kuligeuza haligeuki.

"Mimi nimeshaona wengi wakilia chini ya boriti hii," Babu akasema, "wakaligeuza, wakaenda nyumbani wakapika. Kulia hakuui. Huyu aliyetoka sasa hivi simwoni akilia."

Basi, kaka. Kama una neno, hata baya, lilete. Neno baya lina mwisho. Hili la kwako halina.

Perce


Nettlecote, 4 Julai 1920

Kaka Gilbert,

Sina habari zako, na wewe hutazipata zangu nyingi, maana nimenuna. Babu alilala wiki nzima kwa kifua, sasa anakaa. Nimehudumia baa mwenyewe, na wazee wanasema tangu iwepo haijapata kuwa na mhudumu mzuri na mwenye kelele kama mimi.

Mama Reuben amempelekea Babu supu. Akasema Mikaeli ikifika atalichukua kopo la mwanawe nyumbani hivyo hivyo, mdomo juu, na ataliweka mezani mahali pake pa kula. Babu alilamba kijiko, akaniangalia. Nikaelewa. Hannah.

Bado hana haraka. Mimi ndiye mwenye haraka.

P.


Cardiff, 22 Agosti 1920

Perce,

Mpe Babu pole, na umwambie fimbo si mtu. Sikunyamaza kwa dharau. Barua hii nimeiandika kichwani kila siku huku makaa yakiteremka, na kila jioni nimeifuta.

Unayajua makopo yetu, langu na la Reuben. Tuliyanunua kwa fundi mmoja kwenye gulio la Mei, yamefanana kama mapacha. Tofauti ni moja: langu lina kibonyeo chini ya mkono wake wa kushikia, kwa sababu nililiangusha kwenye mawe siku ile ile, na Reuben akacheka mpaka akaketi chini.

Jioni ya kuamkia safari tulibaki wawili baani. Reuben akasema, "Lete lako, shika langu." Tukabadilishana kulabu. Langu likakaa penye kulabu yake, lake penye yangu. Alidai ndivyo walivyofanya wazee walipoondoka wawili wawili. Sijawahi kusikia kwa mtu mwingine, nadhani aliitunga pale pale. Sharti lilikuwa hili: atakayerudi wa kwanza hanywi. Anamngoja mwenzake, na kila mmoja anampa mwenziwe kopo lake mkononi. "Kwa hiyo ukitaka bia, Gil," akaniambia, "itabidi unirudishe."

Sasa unajua ulikuwa unanywea nini. Na unajua mama yake amekuwa akisugua nini.

Aliuliza nilimwona wapi. Ilikuwa asubuhi, kwenye msitu ambao haukuwa na mti uliosimama. Alikwenda kutuchotea maji. Alikuwa anaimba, vibaya kama kawaida yake, na sisi tulikuwa tunamzomea. Kombora likaanguka. Sikumwona akianguka. Nilitazama pale alipokuwa, na hakuwapo. Tulitafuta mpaka giza likatuingilia. Hapakuwa na cha kuzika, Perce. Ndiyo maana karatasi ikasema hajulikani alipo.

Unaona kwa nini siji. Nikiingia mlangoni, watu watasema, "Gilbert, shusha kopo lako unywe." Nitanyosha mkono wapi?

Nifanyie jambo moja. Kabla ya Mikaeli yabadilishe, kila moja kwenye kulabu yake. Fanya kimya. Mama Reuben aende nyumbani na la mwanawe, asijue kwamba miaka yote hii amelisugua la mwingine. Tena la yule aliyerudi. Hilo siwezi kumwambia, na wewe usimwambie. Barua hii usimsomee.

Gilbert


Nettlecote, 30 Septemba 1920

Kaka Gilbert,

Hatujambo. Tumehamia nyumba ndogo nyuma ya kanisa, kavu, ina dirisha la jua. Babu kifua kimetulia. Ila kila akipita mlangoni anainama, na milango ya huku haina boriti. Sijamcheka. Unajua nilivyo, kwa hiyo elewa ni kwa kiasi gani sijamcheka.

Ulichonituma nilikifanya. Ijumaa mchana Babu aliposinzia nikapanda kigoda, nikayashusha yote mawili. Lile nililokuwa nikinywea nikakaa nalo kwenye benchi. Miezi nilivyojisifu nalo, kaka, nikiliinua juu watu wanione. Nikachukua majivu nikaanza kulisugua, ili liwe kama lile la mama yake asitambue. Nilisugua mpaka vidole vikawa kama vyako. Nikayatundika. Kwa macho, hata mimi nisingejua lipi ni lipi. Nikajiambia, Perce, wewe ni fundi.

Jumamosi akaja. Akapanda, akashusha, akazungusha kitambaa. Kidole gumba kikaenda chini ya mkono wa kopo, kikatafuta. Kikatoka, kikarudi, kikatafuta tena.

"Perce."

"Naam, Mama Reuben."

"Kibonyeo kimekwenda wapi?"

"Kibonyeo gani, Mama?"

"We mtoto, usinichezee. Kila Jumamosi kidole changu hulala pale. Hili si la mwanangu."

"Labda umesugua mpaka kimenyooka."

"Bati linanyoshwa na kitambaa? Basi njoo nikusugue ulimi."

Wazee wakaangua kicheko, na Babu naye. Kisha Babu akaniona uso, akaacha.

Nilikuwa na uongo tayari, kaka, mzuri, wa aina tatu. Lakini kile kidole kilikuwa bado pale, kinatafuta kitu ambacho hakipo, na mimi ndiye niliyekiondoa. Wewe ulitaka asijue amesugua la mtu mwingine. Hukufikiri kwamba miaka minne inatosha kwa kidole kujua. Nilitoa barua yako mfukoni nikaisoma, mbele ya Babu na wazee wote. Nikafika pale ulipoandika nisimsomee. Napo nikapasoma, maana nilishafika.

Aliteremka, akaketi kwenye benchi ya meko.

"Alikuwa anaimba?" akauliza.

"Ndivyo anavyosema."

"Vibaya?"

"Vibaya, kama kawaida yake."

Akaitikia kwa kichwa taratibu. "Basi ni yeye. Karatasi ya serikali haikusema alikuwa anaimba."

Ndipo akalia. Si kwa sauti. Babu alifuta meza, na mimi nikatamani kuwa na meza.

Baada ya hapo akaliinua lile kopo mapajani, la Reuben la kweli, akalinusa. "Hili halikukaa bure. Nani alikuwa akilinywea?"

Nilitamani sakafu inimeze pamoja na mapipa. "Mimi, Mama."

"Nilimkataza," Babu akasema haraka.

Akanitazama, na mimi nikangoja kofi. Ningelipokea, nakuapia.

"Basi mwanangu hakukaa na kiu," akasema, akamgeukia Babu. "Mzee Jethro, nitilie kidogo."

Babu hakunituma. Aliinuka mwenyewe, akamtilia kutoka pipa zuri. Mama Reuben, ambaye hatujapata kumwona akionja, akanywa mafunda mawili, akanipa. "Malizia. Wewe umelizoea." Nilimaliza. Akapanda kigoda, mkono wangu akaukataa, akaligeuza. Wazee walikuwa wameshavua kofia. Tone moja likadondoka sakafuni, na sote tukalitazama mpaka likakauka.

Kisha akashusha la kwako. Nikasema, "Hilo la Gilbert nitamtunzia mimi." Akanigeukia: "Wewe? Miaka minne nimelitunza mimi, na mwenyewe akatoka kule mzima. Nikuachie wewe, mnywea vya watu?" Mzee mmoja akasema nimepatikana leo. Nimepatikana kweli.

Jana, siku ya Mikaeli, walikuja wote. Makopo yaliondoka moja moja, mengine kwa vicheko, mengine chini ya shali. Lile la Hannah liligoma. Babu akakata kulabu kwa msumeno, tukalifukia bustanini na kipande chake cha chuma. Boriti imebaki na kulabu tupu kama ufizi. Huyo bwana wa London atajiuliza zilikuwa za nini, na mimi simwambii.

Mama Reuben alikuja wa mwisho. La Reuben akaliweka kikapuni, mdomo chini, amelifunga kwa kitambaa. La kwako amelibeba mkononi, mdomo juu. Mlangoni akasimama akaniambia niandike hivi, na nimeandika kama alivyosema, sikuongeza urembo:

"Mwambie kaka yako kwamba Reuben hawezi kumpa kopo lake mkononi. Nitampa mimi. Liko msumarini nyuma ya mlango wangu. Wangu nimeshamgeuza, sasa nangoja wenu. Mwambie kungoja najua, lakini Hannah sitaki kuwa."

Najua ulinikataza kumsomea. Sijutii. Ukitaka kunipiga, njoo unipige.

Perce


Cardiff, 4 Oktoba 1920

Perce,

Imefika leo. Nimeisoma nimesimama uani, kasuku akitukana.

Nimeomba ruhusa, wakaninyima, kwa hiyo naondoka bila ruhusa. Treni ya Jumamosi, ile ya mchana. Usije stesheni na huo mdomo wako. Nitapita kwanza kwa Mama Reuben, peke yangu.

Mwambie asiligeuze.

Gilbert